Dakta Livingstone na tumbo lililomwandama hadi Chitambo

Kama kilomita 12 kusini mwa Bujumbura, mahali panapoitwa Mugere, lipo jiwe kubwa lililochongwa majina mawili: Livingstone na Stanley. Chini yake imeandikwa tarehe ya Novemba 25, 1871. Wageni hulipiga picha, wenyeji hulipita kila siku wakienda sokoni. Linawakumbusha watu wawili waliopiga kambi hapo walipokuwa wakizunguka kaskazini ya Ziwa Tanganyika kwa mtumbwi.

Jiwe hilo halisemi kwamba mkubwa wa wale wawili alikuwa amefika ziwani mwezi mmoja kabla akiwa mifupa mitupu. David Livingstone alikuwa na umri wa miaka 58. Simba alikuwa amemng'ata mkono akapona, na homa ilikuwa imemlaza mara zisizohesabika akainuka. Adui aliyemshinda alikuwa tumbo lake mwenyewe. Lilimsumbua kwa karibu miaka 20, likatulia na kurudi, hadi lilipomwua.

Kwa mfanyabiashara wa leo hadithi hiyo haiko mbali. Anayetoka Buhinyuza, upande wa Muyinga, akavuka mpaka wa Kobero kwenda Ngara, Kahama au Tabora, analala katika miji ile ile ya njia, anakula chakula cha kila jungu na kunywa maji ya kila mahali. Tumbo likivurugika husema ni uchovu wa safari, hununua vidonge barabarani na kuendelea na biashara. Wiki ya pili linavurugika tena. Livingstone naye alikuwa mtu wa njia, tena alikuwa daktari. Alikuwa akiandika daftari la kila siku, na ndani ya daftari hilo alijichunguza kama alivyochunguza mito na milima. Kuna wakati aliipata sababu ya ugonjwa wake, akaiandika kwa mkono wake.

Kijana wa kiwandani

Alizaliwa Machi 19, 1813 katika mji mdogo wa Blantyre, Uskoti. Familia yao ilikuwa maskini. Akiwa na miaka 10 aliingia kufanya kazi katika kiwanda cha pamba, akasoma usiku baada ya saa za kazi. Mwaka 1836 alianza kusomea udaktari mjini Glasgow, na mwaka 1840 alipata cheti chake. Desemba mwaka huo huo alipanda meli kuelekea Afrika Kusini akiwa mmisionari.

Udaktari aliojifunza ulikuwa wa zama zake. Hakuna mtu wakati huo aliyejua kwa hakika kwamba kuhara huletwa na viumbe visivyoonekana kwa macho. Madaktari wengi waliamini kwamba homa na maradhi ya tumbo hutokana na hewa mbaya ya mabwawa, unyevu, au uchafu uliokusanyika tumboni na kwenye damu. Kwa hiyo tiba yao kubwa ilikuwa kutoa: kumtoa mgonjwa damu, kumpa haluli aharishe, kumtapisha.

Livingstone alifuata njia hiyo lakini aliiongezea jambo la maana. Alitengeneza vidonge vya homa vyenye kwinini, na katika safari ya mto Zambezi iliyoanza 1858 vidonge hivyo viliokoa maisha ya wenzake wengi. Lakini ndani ya kidonge hicho kulikuwa pia na haluli mbili kali na kalomeli, dawa iliyotengenezwa kwa zebaki. Mgonjwa aliponywa homa, na papo hapo tumbo lake lilikokotwa mpaka likawa tupu. Kwa mtu mwenye utumbo mzima hilo lilivumilika. Kwa mtu ambaye utumbo wake umekwisha kujeruhiwa lilikuwa jambo jingine.

Luanda, 1854

Dalili za kwanza kubwa zilionekana katika safari iliyompa umaarufu. Novemba 1853 aliondoka Linyanti, katikati ya bara, akiwa na wanaume 27, akitafuta njia ya biashara ya kufika bahari ya magharibi. Walifika Luanda, Angola, mwisho wa Mei 1854. Mvua ziliwanyeshea miezi mingi, chakula kilikuwa muhogo kwa muhogo, na Livingstone alifika akiwa hoi kwa homa na kuhara damu. Afisa wa Uingereza aliyekuwa mjini humo, Edmund Gabriel, alimlaza katika kitanda chake mwenyewe, na daktari wa meli ya kivita akamtibu.

Angeweza kurudi Ulaya kwa meli. Alikataa, kwa sababu aliwaahidi wale wanaume 27 kwamba angewarudisha kwao. Akageuka na kurudi nao kwa miguu, akafika Linyanti Septemba 1855, kisha akaendelea hadi Quelimane, pwani ya Msumbiji, Mei 1856. Alikuwa amevuka bara kutoka bahari hadi bahari. Tangu safari hiyo utumbo wake haukuwa tena wa kuaminika, na bawasiri ikaanza kumtoa damu.

Mwaka 1864, alipokuwa Uingereza kwa mapumziko, alimwendea daktari bingwa wa upasuaji huko Edinburgh, Profesa Syme. Ushauri ulikuwa wazi: bawasiri ikatwe. Livingstone alikataa. Alisema hana muda, na hakutaka udhaifu wake wa mwilini usomwe na watu magazetini. Kulikuwa na sababu nyingine iliyozama zaidi. Aliamini kwamba damu ile inayotoka inamsaidia, kwamba inapunguza joto la mwili na kumkinga na homa. Imani hiyo aliibeba mpaka siku zake za mwisho.

Sanduku la dawa lapotea

Mwaka 1866 alitoka Zanzibar, akashuka pwani karibu na mto Ruvuma na kuingia bara, akitafuta chanzo cha mto Nile. Januari 1867, katika nchi ambayo sasa ni Zambia, wapagazi wawili walitoroka na mzigo uliokuwa na sanduku la dawa. Hawakupatikana, mvua ikafuta nyayo. Livingstone aliandika kwamba alihisi amehukumiwa kifo.

Kuanzia hapo alibaki bila kwinini na bila dawa ya tumbo. Chakula kilikuwa uji wa ulezi, mahindi mabichi na uyoga. Meno yake yalikuwa yameharibika na mengine yamengoka, hivyo alimeza mahindi na nyama ngumu bila kutafuna vizuri. Kila safari ya mvua ilimletea homa, na kila homa ilimletea tumbo.

Aliyemwokoa wakati huo alikuwa mfanyabiashara. Muhammad Bogharib, Mwarabu wa misafara ya pembe, alimkuta Livingstone akiwa hawezi kutembea kwa ugonjwa wa mapafu mwanzoni mwa 1869. Akampa dawa zake, akampikia, akawaamuru watu wake wambebe kwa machela hadi Ziwa Tanganyika. Livingstone alichukia biashara ya utumwa ambayo misafara hiyo iliiendesha, na aliipiga vita kwa kalamu maisha yake yote. Lakini alipofika Ujiji Machi 14, 1869 alikuwa hai kwa wema wa mtu wa misafara.

Ujiji hakukuta alichotarajia. Bidhaa alizotumiwa kutoka Zanzibar zilikuwa zimeibwa sehemu kubwa, na dawa zilikuwa zimebaki nyuma Unyanyembe, yaani Tabora, mwendo wa siku 13.

Mamohela, 1870: sababu yapatikana

Julai 1869 alivuka ziwa kwenda Manyema, katika Kongo ya mashariki ya leo. Mwanzoni mwa 1870 alikuwa kwenye misitu, mvua zikinyesha bila kupumzika, mito imejaa hadi ukingoni. Tumbo likamshika kwa nguvu kuliko siku zote, akaharisha maji kama mgonjwa wa kipindupindu, bila maumivu makali, nguvu zikimwishia.

Hapo ndipo alipofanya jambo ambalo daktari wa leo angelisifu. Hakuwa na dawa ya kumeza, kwa hiyo alibadili alichokuwa akikinywa. Akaamuru maji yote anayotumia yachemshwe. Kuhara kukakoma, ingawa udhaifu ulimlaza bado. Februari 1870 alifika kambi ya wafanyabiashara wa pembe iliyoitwa Mamohela, akakaa hapo miezi kadhaa. Alipata paa la kumkinga na mvua, akapumzika, akaendelea kuchemsha maji yote, na akala kiazi cha wenyeji kinachoitwa nyumbo, ambacho watu wa huko walikisifu kwa kuwarudishia nguvu wagonjwa. Akapona. Na katika daftari lake akaorodhesha vitu vilivyomponya: mapumziko, kivuli cha nyumba, maji ya kuchemsha, na kile kiazi.

Leo jambo hilo linaweza kuonekana dogo, lakini wakati huo halikuwa dogo. Mjini London daktari John Snow alikuwa ameonyesha mwaka 1854 kwamba kipindupindu kilifuata maji ya kisima kimoja, na wengi wa wakubwa wa udaktari hawakumkubali. Mtu aliyeona amiba katika choo cha mgonjwa wa kuhara damu, Fedor Lösch wa St Petersburg, alitangaza jambo hilo mwaka 1875. Robert Koch alikitambua kijidudu cha kipindupindu mwaka 1883 na 1884, huko Misri na India. Mjapani Kiyoshi Shiga alikipata kijidudu cha kuhara damu mwaka 1897. Livingstone hakuwa na hadubini wala maabara, lakini msituni Manyema, kwa kubadili kitu na kutazama matokeo, alikuwa ameshika upande wa kweli.

Maelezo yake ni rahisi. Mvua kubwa huosha mashamba, vichaka na pembezoni mwa vijiji, na uchafu wote wa binadamu na wanyama hushuka mtoni. Maji yanaweza kuonekana safi na bado yamebeba ugonjwa. Moto huua kilichomo.

Miaka hiyo hiyo kipindupindu kilikuwa kikitembea Afrika Mashariki. Kiliua maelfu Zanzibar mwaka 1869 na 1870, na wapagazi waliokuwa wanampelekea Livingstone mizigo walikuwa miongoni mwa waliokufa. James Christie, daktari aliyekuwa akifanya kazi Zanzibar, baadaye alitoa kitabu mwaka 1876 kilichofuatilia njia ya ugonjwa huo, na alionyesha kwamba ulifuata njia za misafara ya biashara. Bidhaa zilipopita, maradhi yalipita pia.

Nyama kidogo na moyo mzito

Lakini maji hayakuwa sababu pekee, na Livingstone aliona hivyo. Julai 15, 1871 akiwa Nyangwe, kando ya mto Lualaba, alishuhudia watu wa misafara wakipiga risasi sokoni na kuua mamia ya watu, wengi wao wanawake waliokuja kuuza na kununua. Hakuweza kukaa tena na watu hao. Akageuka kurudi Ujiji, safari ya miezi mitatu. Njiani alirushiwa mikuki na wenyeji waliodhani naye ni mmoja wa wauaji.

Katika safari hiyo aliandika kwamba kila hatua ilikuwa maumivu, hamu ya chakula imekwisha, na kipande kidogo tu cha nyama kilitosha kumharisha vibaya. Akaongeza jambo ambalo madaktari wengi wa wakati wake wasingelitaja: kwamba moyo wake ulikuwa mzito, na uzito wa moyo ulikuwa unaurudia mwili.

Alifika Ujiji Oktoba 23, 1871, akitegemea kwamba sasa shehena mpya imefika na ataishi. Shehena ilikuwa imefika kweli. Lakini Sherifu, mtu aliyekabidhiwa, alikuwa amepiga bao la kuangalia kwenye Kurani, akadai ameoneshwa kwamba Livingstone amekufa, akauza kila kitu. Yadi 3,000 za kitambaa na paundi 700 za shanga, yaani zaidi ya kilo 300, zilikuwa zimegeuzwa watumwa na pembe. Haukubaki mkono mmoja wa nguo wala uzi mmoja wa shanga. Katika soko la Ujiji, ambako nguo na shanga ndizo zilizokuwa pesa, mzee mgonjwa alikuwa hana hata cha kununulia maziwa. Mfanyabiashara mwingine, Said bin Majid, alijitolea kuuza pembe zake ili amsaidie.

Siku chache baadaye, Novemba, Henry Morton Stanley aliingia mjini na msafara uliojaa chakula, nguo na habari kutoka kwao. Mtu aliyekuwa akilazimisha milo miwili kwa siku akaanza kula minne. Tumbo likatulia. Wiki hazikupita nyingi alikuwa ndani ya mtumbwi, akipita pwani ya Burundi kwenda kuangalia mto Rusizi. Waliona kwamba Rusizi unaingia ziwani badala ya kutoka, na hapo ndipo walipopita Mugere.

Stanley, aliyekaa naye miezi minne, alimtazama vizuri. Aliandika kwamba tumbo lilikuwa udhaifu pekee wa mzee yule, na kwamba jambo lolote la kumsumbua akili au mlo uliovurugika lilikuwa lazima liishie kwenye kuhara, ambako kwa siku za karibuni kulikuwa kumekuwa sugu.

Kwa hiyo mwishoni mwa 1871 mashahidi wote walikuwa wamekwisha kusema. Maji mabichi ya mvua yalimdhuru, na ya kuchemsha yalimponya. Chakula kigumu kwa mtu asiye na meno kilimdhuru. Kulala nje kwenye unyevu kulimmaliza nguvu, na hofu na huzuni viliamsha ugonjwa uliolala. Kila alipopata nyumba, chakula laini, maji ya kuchemsha na watu wa kumtunza, alipona. Kila alipoviacha, aliugua. Jibu lilikuwa wazi: arudi nyumbani, au akae mahali pamoja mpaka utumbo upone.

Stanley alimsihi warudi wote Uingereza akapumzike, apate meno ya bandia, kisha aje tena. Alikataa. Alikuwa hajakipata chanzo cha Nile. Machi 1872 waliagana Tabora, Stanley akaenda pwani.

Alichokiita msaada

Agosti 25, 1872 Livingstone aliondoka Tabora na watu wapya waliotumwa na Stanley, pamoja na wazee wake wa siku nyingi, Susi na Chuma. Mwezi wa kwanza tu, kwenye joto la milima ya mashariki ya Tanganyika, tumbo likamrudia. Septemba aliandika kwamba ugonjwa hausikii dawa wala muda. Kisha mvua zikaanza, na msafara ukaingia katika mabwawa ya Bangweulu, nchi ambayo maji yako juu ya ardhi miezi yote ya masika. Watu wake walimbeba mabegani kuvuka mito iliyofika shingoni.

Sasa alikuwa akipoteza damu nyingi. Na hapa ile imani ya zamani ikamfunga macho. Aliandika kwamba damu ile ni kama mlango wa kutolea hatari, na kwa kuwa inatoka, hana homa. Mtu aliyekuwa makini kiasi cha kugundua kosa la maji hakuweza kuliona kosa hili, kwa sababu hakuwahi kulijaribu. Maji aliyajaribu kwa kuyachemsha na kutazama. Damu aliikubali tu, kwa kuwa ndivyo alivyofundishwa na ndivyo alivyopenda iwe. Aprili 1873 ukweli ulijilazimisha. Aliandika kwamba mshipa unatiririsha damu na kumwondolea nguvu zote.

Kuanzia Aprili 22 hakuweza tena kupanda punda. Watu wake wakamtengenezea kitanda cha kubebea. Maneno ya mwisho katika daftari lake ni ya Aprili 27: amechoka kabisa, wamepumzika, ametuma watu wakanunue mbuzi wa maziwa. Watu walizunguka vijiji, lakini vita vilikuwa vimepita na kuondoka na mifugo. Hawakupata mbuzi.

Walimfikisha katika kijiji cha Chitambo, wakamjengea kibanda. Usiku wa mwisho alimwita Susi, akamwambia achemshe maji na kumletea sanduku la dawa. Susi alileta birika. Livingstone, macho yakiwa yameanza kushindwa kuona, alichagua chupa ya kalomeli, ile haluli ya zebaki, akaiweka karibu yake pamoja na kikombe. Alfajiri, mwanzoni mwa Mei 1873, walimkuta amepiga magoti kando ya kitanda, amekufa.

Farijala na ushahidi uliobaki chini ya mti

Watu wake waliamua kumrudisha kwao. Ili mwili usioze, ilibidi upasuliwe na kukaushwa. Kazi hiyo alipewa Farijala, ambaye alikuwa amewahi kumtumikia daktari mmoja Zanzibar na kuona jinsi maiti inavyofunguliwa. Alisaidiwa na Carras Farrar.

Walichokiona ndicho uchunguzi pekee wa tumbo la Livingstone uliowahi kufanyika. Upande wa kushoto walikuta bonge la damu iliyoganda, kubwa kama kiganja cha mtu mzima. Mapafu yalikuwa yamekauka, yana madoa meusi na meupe. Farijala hakuwa daktari, hakuwa na kitabu wala chombo zaidi ya kisu, lakini alitazama na kukumbuka alichokiona, na maelezo yake yakafika Uingereza.

Moyo na matumbo vilitiwa katika boksi la bati na kuzikwa Chitambo chini ya mti wa mpundu. Jacob Wainwright alisoma maombi ya maziko na kuchonga jina la marehemu kwenye mti. Mwili ulikaushwa juani kwa siku 14, ukafungwa kwa nguo na gome la mti, ukabebwa hadi Tabora, na kutoka hapo hadi Bagamoyo, ulikofika Februari 1874. Safari ilichukua miezi tisa hivi, na ilipita katika njia ambayo malori ya leo yanaijua.

London, daktari William Fergusson aliutambua mwili kwa mfupa wa mkono wa kushoto, uliovunjwa na simba mwaka 1844 na usiunge sawasawa. Mfupa ulieleza ni nani. Lakini kilichokuwa kinaweza kueleza kwa nini alikufa kilikuwa kimebaki chini ya mti, mbali sana. Aprili 18, 1874 alizikwa katika kanisa la Westminster Abbey. Kama ni amiba, kama ni kijidudu kingine, au kama bawasiri aliyoikataa kisu ndiyo iliyommaliza, hakuna maabara iliyopata nafasi ya kulisema.

Njia bado ni zile zile

Tofauti kati ya Livingstone na mfanyabiashara wa leo ni kwamba leo kipimo kipo. Choo kikipelekwa maabara ya kituo cha afya, amiba, minyoo na kichocho cha tumbo vinaonekana kwa hadubini. Vidonda vya tumbo navyo vina kipimo chake. Vidonge vya barabarani vinaweza kunyamazisha tumbo kwa siku tatu bila kuondoa sababu, na ndiyo maana hurudi.

Kinachoweza kufanywa kabla ya kufika kituoni ni kile alichokifanya Livingstone Mamohela: kuandika. Siku gani tumbo lilivurugika, kilikuwa kimeliwa nini na wapi, maji yalitoka wapi, mvua ilikuwa inanyesha au la, dawa gani ilimezwa. Kisha kubadili kitu kimoja, si vyote kwa pamoja, na kutazama. Maji ndiyo ya kwanza kubadilishwa, kwa sababu yanabadilishwa kwa urahisi na yana hatia mara nyingi. Karatasi hiyo mganga akiisoma, anaanza kazi akiwa nusu ya njia.

Damu haingojewi. Anayeona damu chooni, anayepungua mwili, anayeharisha maji mfululizo hadi macho yanaingia ndani, huyo haendelei na safari hata kama mzigo uko mpakani. Anayeharisha maji anakunywa maji safi yenye chumvichumvi za kurudisha maji mwilini, akiwa njiani kwenda hospitali.

Livingstone alijua mambo haya karibu yote. Alikuwa ameyaona kwa macho yake na kuyaandika kwa mkono wake. Lililomkwamisha ni moja ambalo hakutaka kuligusa, na safari ambayo hakutaka kuikatisha. Mti wa Chitambo ulikatwa mwishoni mwa karne ile, na kipande chake chenye maandishi kikapelekwa London. Pale uliposimama leo kuna mnara. Jiwe la Mugere bado liko, na wanaotoka sokoni bado wanalipita wakiwa na mizigo yao.